Chuo, Misheni na Skuli ya Serikali: Wazazi na Elimu katika Pwani ya Malindi na Kilifi

Katika maandishi mengi juu ya elimu nchini Kenya, pwani ya Malindi na Kilifi hutajwa kwa ufupi na kwa masikitiko. Husemwa kwamba wenyeji wake, yaani Waislamu wa mijini na Wamijikenda wa mashambani, waliikataa elimu, na kwamba kukataa huko ndiko kulikowaacha nyuma ya wenzao wa bara. Maelezo haya yamerudiwa mara nyingi hata yakawa kama jambo lisilohitaji ushahidi. Yana kasoro moja kubwa: yanachukulia kwamba palikuwa na elimu moja tu, iliyoletwa mlangoni, na mzazi akawa hana ila kuipokea au kuifukuza. Kwa kweli mzazi wa Malindi aliwekewa mbele yake, kwa nyakati mbalimbali, chuo cha Kurani, skuli ya misheni ya Kiprotestanti, skuli ya parokia ya Kikatoliki na skuli ya serikali. Na kila moja ilidai malipo yake, ambayo hayakuwa ya fedha peke yake. Swali linalofaa kuulizwa si kwa nini alikataa, bali alipewa nini, alidaiwa nini, naye alijibu vipi.

Msamiati wenyewe wa elimu unasaidia kulijibu. Neno *chuo* katika Kiswahili cha kale lina maana ya kitabu, na kutoka hapo likawa jina la mahali mtoto anapofunzwa kukisoma Kitabu. Mtoto "alitiwa chuoni", akaandikiwa herufi juu ya *ubao*, akasoma mbele ya *mwalimu*, na alipomaliza Kurani *akahitimu*, neno linalotokana na Kiarabu lenye maana ya kukikhitimisha Kitabu kitakatifu. Wamisheni walipofungua skuli zao hawakuwa na haja ya kutunga maneno mapya: walimkuta *mwalimu*, *ubao*, *kalamu*, *kitabu* na *darasa*, wakavichukua vyote. Hata *kanisa*, *sala* na *Injili* yalipatikana katika hazina ile ile. Leo mwanafunzi wa parokia anapoambiwa kwamba amehitimu, hakuna anayefikiri kwamba neno hilo lilikuwa la chuo kabla halijawa la seminari au la chuo kikuu.

Maneno yaliyokuja kwa njia nyingine ni machache, nayo yana hadithi zake. *Padri* ni la Kireno. *Skuli*, lililotumika sana pwani na linalotumika Unguja hadi leo, ni la Kiingereza, na *shule*, lililolishinda katika Kiswahili sanifu, ni la Kijerumani, likatokea Tanganyika. La ajabu zaidi kuliko yote ni *gereza*. Wanaisimu wengi wamekubali kwamba neno hili limetokana na *igreja*, jina la kanisa kwa Kireno. Kanisa la Wareno lilikuwa ndani ya ngome; neno likahama kutoka kanisa hadi ngome, na ngome ilipogeuzwa kuwa mahali pa kufungia watu, likahamia huko nalo. Si halali kujenga historia nzima juu ya asili ya neno moja, na wako walioufanya mchezo huo wakapotoka. Hata hivyo, neno hili linatukumbusha kwamba Ukatoliki wa kwanza katika pwani hii haukuja peke yake, bali ulikuja pamoja na mizinga.

Mtoto wa nyumba ya Malindi

Vasco da Gama alipokelewa vizuri Malindi mwaka 1498, na urafiki wa mji ule na Wareno ukadumu karibu karne nzima. Mwaka 1542 Fransisko Xaveri, akiwa njiani kwenda Goa, alishuka Malindi kwa muda mfupi. Katika barua yake alieleza mazungumzo yake na mzee mmoja wa Kiislamu, aliyemlalamikia kwamba ibada imepungua mjini, na kwamba katika misikiti kumi na saba ni mitatu tu iliyokuwa ikihudhuriwa. Hayo ni mazungumzo ya wacha Mungu wawili wanaoulalamikia ulimwengu, na hayana ubishi mkubwa. Ubishi ulikuja baadaye, Wareno walipoanza kujenga Ngome ya Yesu huko Mombasa mwaka 1593, nao wakaihamishia Mombasa nyumba ya kifalme ya Malindi ili itawale chini yao.

Mfalme mmoja wa nyumba hiyo, Hasan bin Ahmad, aligombana na makapteni wa ngome, akauawa mwaka 1614. Mwanawe Yusuf, aliyekuwa bado mtoto mdogo, alipelekwa Goa, akalelewa na kusomeshwa katika nyumba ya watawa wa Mtakatifu Agostino. Alibatizwa, akapewa jina la Dom Jerónimo, akajifunza unahodha na vita vya baharini, kisha mwaka 1626 akarudishwa Mombasa kuwa mfalme. Kwa kadiri ya kumbukumbu zilizopo, huyu ndiye mtoto wa kwanza wa nyumba ya Malindi kupata elimu kamili ya Kikatoliki, naye hakuichagua wala hakuchaguliwa na mzazi wake. Mzazi alikuwa ameuawa kwa hila za wale wale waliomsomesha mwana.

Yaliyofuata yanajulikana. Ilidaiwa kwamba mfalme alionekana akisali kwa siri kwenye kaburi la baba yake kwa taratibu za Kiislamu, na kapteni wa ngome akataka kumpeleka Goa akahukumiwe. Tarehe 16 Agosti 1631 Yusuf aliingia ngomeni na watu wake, akamuua kapteni, akalitupa jina la Jerónimo, na Wareno wengi pamoja na Wakristo wa Kiafrika waliokataa kuiacha dini yao wakauawa. Mwaka uliofuata aliiacha Mombasa, akawa haramia wa baharini hadi alipofariki katika Bahari ya Shamu mwaka 1638. Waandishi wa Kikatoliki wamemwita mwasi na mwenye kuritadi. Waandishi wengine wamemfanya shujaa wa kupinga ukoloni. Pande zote mbili zimemshughulikia mfalme na kumsahau mtoto. Kwa historia ya elimu, la maana ni kwamba skuli ile ilimpa kila kitu ilichoweza kumpa, yaani lugha, cheo, ufundi na imani, lakini ilianza kwa kumbadilisha jina. Jambo hili la jina litarudi.

Hakuna ushahidi kwamba mama wa Malindi wa mwaka 1930 alipomzuia mwanawe asiende misheni alikuwa akimkumbuka Yusuf bin Hasan, na atakayedai hivyo atakuwa akitia chumvi. Sababu za mama yule zilikuwa karibu naye zaidi.

Misheni na watoro

Wamisheni wa karne ya kumi na tisa walikuwa Waprotestanti kwanza. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844, akafungua kituo cha Rabai mwaka 1846 pamoja na Johannes Rebmann. Wamethodisti wakaja Ribe katika miaka ya 1860. Krapf ndiye aliyependekeza waziwazi kwamba Kiswahili kiandikwe kwa herufi za Kirumi, na miongoni mwa sababu zake ilikuwamo ile ya kupunguza nguvu za Uislamu zilizofungamana na herufi za Kiarabu. Wataalamu wa lugha wamezoea kulitazama jambo hili kama suala la tahajia. Kwa mzazi lilikuwa suala la mtoto: aliyetiwa chuoni akajua kusoma na kuandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, siku moja aliamka akahesabiwa kuwa hajui kusoma. Chuo hakikupoteza wanafunzi wake papo hapo. Kilipoteza thamani ya cheti chake, ambacho hakijapata kuandikwa popote.

Ilikuwapo sababu nyingine, ambayo haizungumzwi sana kwa kuwa inawaaibisha wengi. Malindi ilipofufuka katika miaka ya 1860 ilifufuka kwa mashamba ya nafaka yaliyolimwa na watumwa. Watumwa wengi walitoroka, wakaunda makazi yao nyuma ya mji, kama vile Fuladoyo na Makongeni, na wengine wakakimbilia Rabai. Chama cha Kianglikana cha C.M.S. kilianzisha Frere Town karibu na Mombasa kati ya 1874 na 1875 mahsusi kwa ajili ya walioachwa huru. Hivyo skuli ya misheni, machoni pa muungwana wa Malindi, ilikuwa skuli ya watoro wake mwenyewe. Kumkalisha mwanawe kwenye benchi moja nao kulikuwa ni kukubali kwamba ulimwengu umepinduka. Kwa hiyo pale tunapoambiwa kwamba Waislamu wa pwani walikataa skuli ya misheni kwa sababu ya dini, yapaswa kuongezwa kwamba wengine waliikataa kwa kibri cha nasaba, na dini ikawa sitara nzuri. Hali ya utumwa ilifutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907. Kibri hakikufutwa mwaka huo.

Upande wa Wagiriama mambo yalikuwa tofauti. Mgiriama aliyesilimu aliitwa *mahaji*, na mara nyingi alihamia kwa Waswahili, ambao Wagiriama huwaita *Adzomba*. Kusilimu kulikuwa karibu sawa na kuhama kabila. Aliyekwenda misheni naye alitazamiwa kuacha mengi ya kaya na ya wazee. Njia zote mbili za kusoma zilimtoa mtoto katika mji wa baba yake. Baada ya vita vya 1914, ambavyo jina la Mekatilili wa Menza limeambatana navyo, na faini kubwa iliyofuata, ni vigumu kushangaa kwamba wazee wengi waliona afadhali mtoto abaki na mbuzi.

Hata hivyo wako waliokwenda. Ronald Ngala, aliyezaliwa mwaka 1923, alisoma skuli ya C.M.S. ya Mtakatifu Yohana, Kaloleni, kisha Alliance, kisha Makerere, akarudi kuwa mwalimu kabla ya kuwa mwanasiasa. Mwaka 1949 kilichapishwa kijitabu chake *Nchi na Desturi za Wagiriama*. Mwana wa misheni alikuwa ameandika, kwa Kiswahili na kwa herufi za Krapf, habari za desturi ambazo misheni ilidhaniwa kuzifuta. Mtu akitaka kuonyesha kwamba elimu ya misheni ilikuwa na matokeo ambayo wenyewe hawakuyapanga, hahitaji kwenda mbali zaidi ya kitabu hiki.

Serikali na padri

Idara ya Elimu iliundwa mwaka 1911, na mwaka uliofuata ikafunguliwa Skuli ya Waarabu mjini Mombasa. Serikali ya kikoloni ilijua kwamba ndani ya ukanda wa maili kumi, uliokuwa bado kwa jina chini ya Sultani wa Zanzibar kwa mapatano ya 1895, isingeweza kuwaachia wamisheni watoto wa Kiislamu. Kwa hiyo ikajenga skuli isiyo ya kanisa, lakini ikaijenga kwa kabila. Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Skuli ya serikali, iliyoweza kuwa mahali pa watoto wote wa pwani, iliwekwa kwa ajili ya waliohesabiwa Waarabu, na Waswahili wakalazimika kuugombea mlango wake kwa kuthibitisha nasaba. Mtoto wa Kigiriama wa mashamba ya Malindi hakuwa na mlango huo. Kwake yeye serikali ilimkabidhi mmisheni, ikampa mmisheni ruzuku. Basi anayesema kwamba Mgiriama wa Malindi wa miaka ya 1920 alichagua misheni badala ya skuli ya serikali anasema lisilokuwako.

Wakatoliki waliingia katika uwanja huu wakiwa wamechelewa. Mapadri wa Roho Mtakatifu walikuwa Zanzibar tangu 1863 na Bagamoyo tangu 1868, lakini Mombasa walikuja karibu na 1890, wakakuta Rabai, Ribe na Jilore zimekwisha shikwa na Waprotestanti. Walikuja pia na Kiswahili kilichojengwa juu ya msemo wa Unguja na Bagamoyo, ambao padri Charles Sacleux aliufanyia kazi kubwa ya sarufi na kamusi, wakati C.M.S. ya Mombasa iliushikilia Kimvita. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulipochagua Kiunguja kuwa msingi wa usanifishaji, Wakatoliki hawakuwa na la kubadili, ila Waanglikana ndio waliosikitika.

Mwaka huo huo wa 1928, mjumbe wa Papa, Arthur Hinsley, aliwaambia maaskofu waliokusanyika Dar es Salaam kwamba pale ambapo haiwezekani kuhudumia kanisa na skuli kwa pamoja, kanisa na lingoje, skuli itengenezwe. Ruzuku za serikali zilikuwa zikiongezeka, na aliyekosa skuli nzuri angekosa watoto. Tangu hapo parokia bila skuli ikawa kama nyumba bila mlango.

Sheria ya Kanisa nayo ilimfunga mzazi Mkatoliki. Kanuni ya 1374 ya sheria za mwaka 1917 ilikataza watoto wa Kikatoliki kusoma katika skuli zisizo za Kikatoliki, za dini mchanganyiko au zisizo na dini, isipokuwa kwa idhini ya askofu. Kwa hiyo katika mji mmoja wa pwani, padri alikuwa akimkataza muumini wake asimpeleke mwanawe skuli ya serikali kwa kuhofia imani yake, na mwalimu wa chuo akimkataza wa kwake asimpeleke skuli ya padri kwa hofu hiyo hiyo. Wawili hawa hawakuwahi kukubaliana katika jambo lolote kuliko hili. Kanuni ile ililegezwa baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano, na sheria mpya za 1983 zinamtaka mzazi asiyeweza kupata skuli ya Kikatoliki amtafutie mtoto mafundisho ya dini nje ya skuli.

Kwa Waislamu, mtu aliyelieleza tatizo kwa uwazi zaidi ni Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui (1891–1947), aliyekuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya. Katika magazeti yake *Sahifa* na *Al-Islah*, ya mwanzoni mwa miaka ya 1930, aliwahimiza Waislamu wajifunze elimu za zama zao bila kuiacha elimu ya dini. Msimamo wake hauungi mkono hata kidogo ile hadithi ya kukataa. Alichokataa ni bei, yaani mtoto wa Kiislamu kusoma hesabu kwa sharti la kusoma katekisimu; na pwani nzima yasimuliwa habari za kina Yusuf waliotoka skuli za misheni wakiitwa Joseph.

Kudhamini na kulipa

Barua zilizobadilishwa Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Muhammad Shamte, Waziri Mkuu wa Zanzibar, zilipoukabidhi ukanda wa pwani kwa Kenya, ziliahidi mahakama za Kadhi, na pia kwamba watoto wa Kiislamu watafundishwa Kiarabu kadiri iwezekanavyo, na ruzuku kwa skuli za msingi za Kiislamu za pwani kuendelezwa. Elimu ya mtoto wa Malindi ilikuwa imeingia katika mapatano baina ya dola. Kisha ikaja Tume ya Ominde, na Sheria ya Elimu ya 1968, iliyozifanya skuli za misheni zilizopata ruzuku kuwa za umma. Kanisa likabaki na cheo cha mdhamini, likiwa na sauti katika kamati na katika mafundisho ya dini. Mzazi naye akapewa haki ya kuomba mwanawe aondolewe katika mafundisho hayo.

Tangu hapo maneno "skuli ya umma" na "skuli ya kanisa" hayatenganishi tena vitu viwili. St. George's ya Kaloleni ni skuli ya umma yenye jina la mtakatifu. Star of the Sea ya Mombasa ni skuli ya umma yenye jina la Bikira Maria. Mzazi Mwislamu wa Kilifi ambaye binti yake amepangiwa skuli ya namna hii amepelekwa kwa watawa na serikali yenyewe. Ugumu wa hali hii ulionekana mahakamani kwa kesi ya Isiolo, ambako skuli ya umma iliyodhaminiwa na Kanisa la Methodisti iligombania hijabu. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufani iliwapa wasichana wa Kiislamu haki ya kuivaa. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliutengua uamuzi huo kwa sababu za utaratibu wa mashtaka, na swali lenyewe likaachwa bila jibu la kudumu.

Skuli ya parokia kwa maana ya leo ni kitu kingine: ni skuli ya binafsi, inayotoza ada, ambayo mara nyingi huanza kama darasa la chekechea katika uwanja wa kanisa. Zimeongezeka kwa sababu ambazo hazina uhusiano mkubwa na imani. Ada ya madarasa manne ya kwanza ilifutwa kwa tamko la Desemba 1973, ikarudi kwa jina la michango ya majengo. Miaka ya mwisho ya 1980 ikaleta mtindo wa kuchangia gharama. Na Januari 2003 ada zikafutwa kabisa, wanafunzi wa msingi nchini wakaruka kutoka kiasi cha milioni 5.9 hadi milioni 7.2 katika mwaka mmoja. Walimu hawakuongezeka kwa kadiri hiyo. Mzazi aliyekuwa na uwezo kidogo, awe Mkatoliki, Mwanglikana au Mwislamu, alilitazama darasa lililofurika, akalitazama darasa la parokia, akahesabu vichwa. Jimbo Katoliki la Malindi, lililoundwa mwaka 2000 na kukabidhiwa Wakapuchini wa asili ya Malta, lilizaliwa katika kipindi hiki hasa.

Kitu cha pili anachokinunua mzazi ni Kiingereza. Skuli hizi husifiwa kwa kuwa mtoto hutoka akikisema bila kigugumizi, na katika skuli nyingi za Kenya, za umma na za binafsi, mtoto aliyeteleza akasema lugha ya nyumbani alivishwa kidude cha aibu shingoni. Katika pwani hii lugha hiyo ya nyumbani ni Kiswahili na Kigiriama. Babu zao walihofia kwamba skuli ya padri ingemwondolea mtoto dini. Mjukuu anakwenda huko kwa hiari ya wazazi, anabaki na dini yake, na kinachoondoka ni kingine. Ni ajabu kwamba hofu kubwa kiasi kile ilielekezwa kwenye katekisimu, na hakuna aliyesimama mlangoni kuuliza habari za lugha. Kwa kweli padri Sacleux, aliyetumia sehemu kubwa ya maisha yake kukusanya maneno ya Kiswahili, asingeweza kulielewa tangazo la skuli ya parokia ya sasa.

Waislamu nao wamejenga jibu lao. Tangu miaka ya 1980 kumeenea pwani skuli za awali zilizounganishwa na madrasa, ambamo mtoto hufunzwa herufi za Kiarabu na za Kirumi chini ya paa moja, jambo ambalo Sheikh Al-Amin alilitaka nusu karne kabla yake. Na kwa wale waliobaki katika skuli ya umma au ya parokia, siku imepanuliwa: skuli tangu asubuhi hadi alasiri, kisha chuo, au chuo siku za Jumamosi na Jumapili. Mtaala wa taifa una elimu ya dini ya Kikristo, ya Kiislamu na ya Kihindu, lakini mtoto husoma ile ambayo skuli yake imempata mwalimu wake. Pale mwalimu wa dini ya Kiislamu asipopatikana, watoto wa Kiislamu hukaa katika somo la Ukristo na kulifanyia mtihani, wakati mwingine kwa alama za juu kuliko za wenzao Wakristo, kisha jioni hiyo hiyo huchukua juzuu zao kwenda kwa mwalimu wa chuo, ambaye hajapata kuulizwa na serikali yoyote, ya kikoloni wala ya uhuru, ni wangapi waliohitimu kwake.